Urojo wa Zanzibar jikoni kwako: kipi upike, kipi ununue

Bakuli la urojo, yaani mchuzi wa embe unaomiminwa juu ya viazi, bajia na kachori, huliwa kwa dakika kumi, lakini ndani yake mna vitu saba au vinane ambavyo kila kimoja kina jiko lake. Ndiyo maana wengi wanaojaribu kuupika nyumbani huishia na bajia nzuri zinazoelea kwenye maji ya unga. Tathmini hii inaupima kitu kwa kitu: ule unaouzwa kwenye vibanda vya Mji Mkongwe wa Unguja na pale kwenye bustani ya Forodhani jua likishazama, na ule unaotoka kwenye jiko la kawaida la nyumbani, la gesi au la mkaa.

Hukumu tunaitoa mapema. Mchuzi na chatne ya nazi upike mwenyewe, maana hapo nyumbani panashinda kibanda kwa mbali. Kachori na bajia za dengu zinalingana ukizifanyia haki. Mishkaki kama huna mkaa, nunua. Chipsi za muhogo nunua pia, isipokuwa una mchana mzima wa kuzishughulikia.

Tuanze na mchuzi, kwa sababu mchuzi ndio urojo wenyewe. Wa kibandani ukiwa mzuri una uchachu wa embe unaokuja nyuma ya ulimi, harufu ya tunda, rangi ya manjano iliyotulia, na unapita kwenye upawa bila kukatika mabonge. Ukiwa mbaya, makosa yake ni yale yale: unga haukuiva, uchachu ni wa ndimu tupu, na manjano yametiwa mengi kuficha kwamba embe ni chache. Tazama pia sufuria. Mchuzi unaokaa motoni jioni nzima huzidi kuwa mzito, muuzaji huongeza maji ya moto, na kila akiongeza ladha inapungua. Bakuli la saa ya kwanza na la saa ya mwisho kutoka kibanda kimoja huweza kuwa vyakula viwili tofauti. Kwa hiyo anayetaka kujua urojo wa mtu fulani ukoje asiuhukumu usiku wa manane. Afike mapema.

Kwa bakuli sita nyumbani unahitaji maji lita 2, embe mbichi zinazotoa gramu 400 za nyama baada ya kumenya na kuondoa kokwa (kwa kawaida mbili kubwa), unga wa ngano gramu 70, yaani vijiko 8 vya chakula vya kusawazisha, unga wa dengu vijiko 2, bizari ya manjano kijiko 1 cha chai, punje 4 za thomu (kitunguu saumu), kipande cha tangawizi cha sentimita 3, mafuta kijiko 1, chumvi vijiko 2 vya chai na ndimu 2.

Embe ichaguliwe kwa kuikata. Nyama yake iwe nyeupe au kijani mpauko mpaka karibu na kokwa. Ikishaanza njano ndani, sukari imeingia na mchuzi utakuwa mtamu-mtamu, jambo ambalo ndimu hairekebishi. Weka pembeni kama robo ya embe hizo, uikate vipande vyembamba vya kutia mwishoni. Zilizobaki zichemshe kwenye lita 1 ya maji kwa dakika 15, hadi zipondeke kwa mwiko, kisha zisage au zipitishe kwenye chujio. Usiruke kuchuja: nyuzi za embe zikibaki huzunguka meno, na hapo mlaji hawezi tena kusikia kitu kingine.

Pasha mafuta, tia thomu na tangawizi zilizotwangwa, halafu manjano, ukoroge sekunde 20 tu. Rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo kijiko kimoja kilichopitia mafutani kinapaka sufuria zima, wakati kijiko hicho hicho kikimwagwa kwenye maji huacha vumbi juu na chenga chini. Ukiona rangi bado ni hafifu, tatizo ni bizari yenyewe kukaa sana dukani. Usiongeze, maana zaidi ya vijiko 2 vya chai mchuzi unageuka mchungu wa dawa. Nunua kidogo kidogo kwa wauza viungo wanaouza haraka, kama wale wa soko la Darajani mjini Unguja, badala ya pakiti kubwa inayokaa kabatini mwaka mzima.

Mimina rojo la embe na nusu lita ya maji. Nusu lita iliyobaki, iwe ya baridi, ndiyo ya kukorogea unga: maji kidogo kwanza mpaka upate uji mzito usio na bonge, ndipo uongeze mengine, kisha uchuje. Unga mkavu ukikutana na maji ya moto, nje yake huiva papo hapo na ndani hubaki mkavu. Hayo ndiyo mabonge, na yakishaumbika ni kuchuja tu. Mimina huku unakoroga wakati sufuria imepata moto lakini haijatokota kwa nguvu. Ikichemka, punguza moto na upike dakika 15 hadi 20 ukikwangua chini, kwa sababu unga wa dengu hushika haraka. Dakika hizi wengi huziiba. Mchuzi unakuwa mzito mapema, baada ya dakika tano hivi, na mpishi anadhani umeiva, kumbe unga wa ngano bado unanuka ubichi na wa dengu bado una uchungu wa maharage mabichi. Uzito hautoshi kuwa ushahidi, onja.

Ndimu iingie moto ukishazimwa, pamoja na vile vipande vya embe mbichi. Zipo sababu mbili. Harufu ya ndimu hupotea kwenye mvuke, na uchachu mwingi ukichemshwa muda mrefu huvunja nguvu ya unga, mchuzi uliokuwa mzito unalegea bila wewe kuelewa kilichotokea. Kamua nusu ndimu, koroga, onja, endelea. Chumvi iwe imeshakaa sawa kabla ya ndimu, la sivyo utaongeza ndimu ukitafuta ladha ambayo ni chumvi iliyokosekana. Ukipitiliza uchachu, ongeza maji na kiazi kimoja kilichopondwa laini. Sukari iwe kiasi cha kushika kwa vidole viwili, basi.

Uzito unaotakiwa sufuriani ni wa uji mwepesi wa mgonjwa. Unaonekana mwepesi mno, lakini mchuzi huzidi kushikana ukipoa, na bajia na viazi vinanyonya. Ukiupika ukawa mzito kama unavyotaka kuula, bakulini utakuwa gundi.

Maelekezo mengine siku hizi huweka tui la nazi ndani ya mchuzi. Hatulipendekezi. Tui hulainisha ule ukali wa embe unaofanya urojo uwe urojo, na nazi ina nafasi yake kwenye chatne.

Nje ya msimu wa embe kuna njia tatu. Bora ni kugandisha mwenyewe: menya, kata, fungia mifuko ya gramu 400, tumia bila kuyeyusha. Walio Muscat au London hupata embe mbichi zilizogandishwa kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi, nazo zinafaa bila lawama. Ya pili ni unga wa embe kavu. Anza na vijiko 3 vya chakula kwa lita 2 na uongeze kiazi kilichopondwa, kwa kuwa unga huo una uchachu lakini hauna mwili, na rangi inaelekea kahawia. Ya tatu ni ukwaju. Unatoa mchuzi mtamu kwa namna yake, ila wa rangi nyingine na harufu nyingine, na mwenyeji wa Unguja atajua kabla hajanyanyua kijiko.

Bajia. Hapa swali ni dengu za kuloweka au unga wa dengu wa pakiti. Unga ni wa haraka na bajia zake ni laini zikitoka mafutani, lakini ndani ya mchuzi hazivumilii: baada ya dakika chache huteleza na kuyeyuka pembeni. Dengu zilizosagwa zinashika. Kwa kula mkavu na chai, unga unatosha; kwa urojo, loweka.

Chukua dengu za kupaaza (zilizopasuliwa na kuondolewa maganda) gramu 250, loweka saa 4 hadi 6, chuja kabisa, uziache kwenye chujio dakika 10. Saga na thomu punje 3, pilipili mbichi 1 na maji yasiyozidi vijiko 3 vya chakula. Blenda ndogo italalamika na utashawishika kuongeza maji. Bora usimamishe, ukwangue pembeni, usage kwa mafungu. Maji yakizidi, bajia hunywa mafuta na kusambaratika. Ukisaga mpaka ikawa laini kabisa, zinakuwa ngumu. Acha chenga ndogo unazozisikia kwa vidole. Kisha upige mchanganyiko kwa mkono kwa dakika 3 hadi 4 uingie hewa. Kipimo chake ni gilasi ya maji: dondosha kipande kidogo, kikielea umefika, kikizama endelea kupiga. Chumvi na kotmiri (majani ya giligilani) vitiwe mwisho kabisa, wakati mafuta yameshapata moto, kwani chumvi huvuta maji kutoka kwenye dengu na mchanganyiko uliokuwa umeshikana unalegea ukiwa umesimama.

Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 175. Kama huna kipimajoto, chovya mpini wa mwiko wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka mfululizo, tia. Bajia za urojo ni ndogo, za kijiko cha chai. Kubwa hubaki na kiini kibichi, na bakulini hazigawanyiki vizuri na vitu vingine.

Kachori zinaharibika kwa sababu moja kubwa: maji kwenye viazi. Viazi vikimenywa na kukatwa kabla ya kuchemshwa hulewa maji, na maji hayo yakigeuka mvuke ndani ya mafuta, kachori inapasuka na kumwaga moyo wake kwenye karai. Chemsha nusu kilo ya mbatata na maganda yake, menya zikiwa moto, rudisha kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika 2 zikauke, ndipo uponde. Tia tangawizi na thomu kijiko 1 cha chai kila kimoja, pilipili mbichi iliyokatwa ndogo, chumvi, na maji ya ndimu moja. Ndimu ionekane wazi kwenye ladha. Kachori iliyopoa isiyo na uchachu ni kiazi tu. Zungusha vidonge vya ukubwa wa yai dogo la kuku, viache vipoe mpaka vishikane.

Koti lake ni unga wa ngano gramu 100, unga wa dengu vijiko 2, manjano robo kijiko cha chai, chumvi, na maji kama mililita 150. Lishike kidole bila kudondoka haraka. Wengine huongeza magadi soda ili koti livimbe. Ukiongeza, iwe kiasi cha ncha ya kisu na uikoroge sana, maana manjano yakikutana na magadi hubadilika kuwa mekundu na utapata madoa ya rangi ya tofali juu ya kachori. Hazidhuru, ila zinatia watu shaka mezani. Kaanga kwa nyuzi 180, dakika 3 au 4 zinatosha, kwa kuwa ndani mmeshaiva na unapika koti pekee. Usijaze karai: mafuta yakipoa, koti linanyonya kabla ya kushikana.

Mishkaki ya kibandani ina kitu ambacho jiko la gesi halikupi, nao ni moshi wa mafuta yanayodondokea mkaa. Kama unao mkaa, nusu kilo ya nyama laini ya ng'ombe ikatwe vipande vya sentimita 2, ipakwe tangawizi, thomu, pilipili manga, chumvi, ndimu na papai bichi lililokwaruzwa, kijiko 1 cha chakula. Saa 2 zinatosha, na saa 4 ndio mwisho. Papai halijui kusimama: ukiiacha usiku kucha, nje ya nyama hugeuka tope na hakuna moto utakaoirudisha. Kwenye oveni, weka moto wa juu kabisa na utandaze vipande visigusane. Utapata nyama nzuri ya kutia kwenye urojo, ila si mishkaki ile. Tunasema nunua, vijiti sita kwa bakuli sita, uvitie vikiwa bado moto.

Chipsi za muhogo ndizo zinazotoa ule mlio, na ni kazi kuliko zinavyoonekana. Tumia muhogo mtamu uliochimbwa karibuni. Wenye michirizi ya buluu au kahawia ndani umelala, na muhogo mchungu usiutumie kabisa kwa mapishi haya ya haraka, kwa sababu ya sumu yake. Menya maganda yote mawili, la kahawia na lile jeupe-waridi lililo chini yake, ondoa mzizi wa katikati, kwaruza upande wa matundu makubwa upate nyuzi ndefu. Loweka kwa dakika 20, suuza mpaka maji yawe maangavu, kausha kwa kitambaa. Nyuzi zenye wanga hugandana na kuwa mkate, zenye maji hurusha mafuta. Kaanga kidogo kidogo mpaka vipovu vinyamaze, ndiyo ishara kwamba maji yameisha, utoe kabla hazijawa kahawia kwani zinaendelea kuiva nje ya karai. Chumvi inyunyizwe hapo. Zilizofungwa vizuri dukani, kama hazinuki mafuta ya zamani, zinafanya kazi hiyo hiyo. Fungua pakiti unuse kabla ya kumwaga juu ya chakula ulichokihangaikia.

Chatne: nusu nazi iliyokunwa kwa mbuzi, pilipili nyekundu mbichi 2, thomu punje 2, chumvi, ndimu 1, maji vijiko 4 hadi 6. Saga mpaka iwe laini lakini bado ina chembe. Nazi kavu ya pakiti inakubalika ikilowekwa kwanza dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu. Ikisagwa kavu inabaki vumbi la mbao. Hapa kibanda kinashindwa kwa sababu ya muda tu, kwani nazi mbichi kwenye joto la pwani huanza kuchacha ndani ya saa chache. Ya nyumbani inatoka kwenye blenda kwenda bakulini. Friji inaihifadhi siku 2.

Pilipili ya pembeni ni pilipili mbuzi 4 zilizochemshwa na kipande cha embe na chumvi, zikasagwa. Viazi vya ndani ya bakuli vichemshwe na chumvi na vikatwe vikubwa kidogo kuliko bajia. Mayai dakika 9.

Kupanga bakuli kuna utaratibu wake. Viazi chini, vipande vitatu au vinne, kisha bajia tano sita, kachori moja iliyokatwa vipande viwili, nusu yai, nyama ya kijiti kimoja. Mchuzi wa moto umiminwe mpaka uvifikie vitu bila kuvizamisha. Kijiko kimoja cha chatne upande mmoja, pilipili upande wa pili ili mlaji achanganye mwenyewe, halafu muhogo juu, mwisho wa yote, bakuli likiwa tayari mbele ya mtu. Ukiutia jikoni na kuanza kugawa kwa zamu, wa mwisho anapata nyuzi zilizolowa.

Kwa siku ya wageni, mchuzi na vidonge vya kachori visivyovikwa koti vinaweza kutengenezwa jana yake. Dengu zilowekwe asubuhi. Mchuzi uliolala utakuwa umeganda. Ongeza maji ya moto kikombe kimoja kwa kila lita, pasha taratibu ukikoroga, na ukamue ndimu mpya, kwani ile ya jana imeshapoteza harufu. Bajia zilizobaki zipashwe kwenye oveni au kwenye kikaango kikavu. Usizipashe ndani ya mchuzi.